Maneno Yaliyozaliwa na Majina ya Waandishi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gazeti limeandika "hali ya Kikafka", mtafsiri amekwama kwenye neno "Orwellian", mwanafunzi ameulizwa soneti ya Kishakespeare ni ipi. Majibu haya ni ya wanaoshughulika na maandishi: wahariri, watafsiri, walimu na wanafunzi wa fasihi.

Tunazungumzia maneno ya aina gani?

Ni maneno ambayo shina lake ni jina la ukoo la mwandishi: Orwell, Kafka, Dickens, Machiavelli, Sade, Byron. Jina linapachikwa kiambishi, kisha linaanza kutaja kitu kingine kabisa: aina ya utawala, aina ya ofisi, aina ya ujanja, hata aina ya mapenzi. Kwetu si jambo geni. "Umaksi" na "Kimaksi" yameota mizizi katika Kiswahili cha siasa, na shina lake ni Karl Marx (1818–1883), mwandishi wa vitabu na makala za magazeti.

Neno la namna hii halimbebi mwandishi mzima. Hubeba kitabu kimoja au viwili vilivyosomwa sana, tena kile tu ambacho wasomaji walikikumbuka baada ya kukifunga kitabu. Makosa mengi yanayotajwa hapa chini yanatoka hapo.

"Ki-Orwell" maana yake nini hasa?

Ni sifa ya utawala unaoharibu lugha na kumbukumbu mpaka watu washindwe hata kuwaza kwamba wanadanganywa. Chanzo chake kikuu ni riwaya ya mwandishi wa Uingereza George Orwell, Nineteen Eighty-Four, iliyotoka Juni 1949.

Ndani ya riwaya hiyo Winston Smith ameajiriwa na Wizara ya Ukweli. Kazi yake ni kuandika upya matoleo ya zamani ya gazeti ili yalingane na wanachosema wakubwa leo. Karatasi zisizotakiwa hutumbukizwa kwenye tundu la ukutani na kwenda kuungua tanuruni. Siku moja inatangazwa kwamba mgao wa chokoleti utashushwa kutoka gramu 30 hadi gramu 20 kwa wiki. Kesho yake habari zinasema watu wameandamana kumshukuru kiongozi kwa kuupandisha mgao hadi gramu 20. Winston anatazama huku na huku kuona kama kuna mwingine anayekumbuka ya jana.

Pima neno kwa mfano huo. Kupunguza mgao ni dhiki tu. Kukana kwamba umepunguzwa ni uongo wa kawaida wa serikali. Kuwafanya watu washukuru kwa nyongeza ambayo ni punguzo, na kumbukumbu zote zikathibitisha kwamba ni nyongeza, hapo sasa ndipo jina la Orwell linapostahili kutajwa.

Kamera mlangoni mwa duka kubwa haitoshi. Wala kodi mpya. Wala waziri aliyejikanganya kwenye mahojiano, maana huyo pengine hakujiandaa tu. Upelelezi unaingia kwenye maana ya neno pale unapomfanya mtu aanze kujipeleleza mwenyewe: achunge uso wake, achunge usingizi wake asije akaropoka.

Wasomaji wangu wanamjua Orwell kwa "Shamba la Wanyama". Je, watanielewa?

Watakuelewa, ila huenda wakaelewa kingine. Tafsiri hiyo ya riwaya yake Animal Farm, iliyofanywa na Fortunatus Kawegere, ilitoka Nairobi mwaka 1967, na kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki Orwell ni mtu wa nguruwe waliopindua mapinduzi, si mtu wa kamera na wizara. Ukiwaandikia hao "ya Ki-Orwell" wanafikiria wakombozi waliogeuka mabwana.

Maana hizo mbili zinakutana mahali pamoja: ukuta wa ghala. Amri ya wanyama, iliyoandikwa ukutani hapo, ilikataza pombe. Nguruwe wakaonja wiski, wakaipenda. Usiku mmoja ukasikika mshindo, na nguruwe msemaji akakutwa chini, kando ya ngazi iliyovunjika, na taa, brashi na kopo la rangi nyeupe lililomwagika. Baada ya siku chache ikaonekana amri inakataza kunywa "kupita kiasi", na wanyama wakajilaumu kwa kusahau. Kwa msomaji wa Kiswahili mfano huu hufanya kazi haraka kuliko ule wa chokoleti. Uutumie.

Orwell lilikuwa jina lake kweli?

Hapana. Aliitwa Eric Arthur Blair, akazaliwa Motihari, India, mwaka 1903. Lakabu ya George Orwell aliichukua mwaka 1933 kwa ajili ya kitabu chake cha kwanza, na Orwell ni mto ulioko Suffolk, Uingereza. Kwa hiyo neno linalotajwa kila siku kwenye siasa za dunia lina shina la jina la mto. Kwa kazi ya uhariri haidhuru: jina la kalamu linahesabiwa sawa na jina la ukoo.

Na "Kikafka"?

Hili ndilo linalotumiwa ovyo kuliko yote. Mtu amekaa foleni kwa saa 3, karani amekwenda chai, anaandika mtandaoni kwamba ni hali ya Kikafka. Huo ni urasimu, na pengine uvivu. Kiswahili kina "njoo kesho", na inatosha.

Franz Kafka (1883–1924) alizaliwa Prague, akasomea sheria hadi kiwango cha udaktari, na kuanzia 1908 hadi 1922 aliajiriwa katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi. Alijua faili linavyotembea. Katika riwaya ya Der Prozess, iliyochapishwa na rafiki yake Max Brod mwaka 1925, Josef K. anaamka na kukuta watu wamekuja kumkamata. Hawamwambii kosa. Wanamlia kifungua kinywa chake. Kisha wanamruhusu aende kazini benki kama kawaida. Ofisi za mahakama ziko kwenye dari za nyumba za kupanga, humo hewa ni nzito kiasi kwamba mgeni anazirai. Mwaka mmoja baadaye anauawa bila kujua alishtakiwa nini.

Kabla ya kuliandika neno, jiulize: muhusika hajui kosa lake au sharti analotakiwa kulitimiza? Njia anayoelekezwa inamrudisha alikotoka? Na la tatu, ambalo wengi hulisahau: je, yeye mwenyewe ameanza kushirikiana na mtego, anajitafutia kosa, anawahi kufika mahali ambapo hakuitwa? Ukipata mawili ya kwanza neno linakubalika. Ukipata yote matatu, ndilo lenyewe.

Mfano wa kawaida: kupata kitambulisho unatakiwa cheti cha kuzaliwa, kupata cheti cha kuzaliwa unatakiwa kitambulisho, na kila dirisha linakuambia kwa upole kwamba tatizo liko dirisha lile jingine. Huo unakaribia. Ukianza kuhisi labda kweli hukuzaliwa, umefika.

Jina lenyewe, kwa wanaopenda kujua: neno "kavka" kwa Kicheki ni ndege mdogo wa jamii ya kunguru, na baba yake Kafka alimtumia ndege huyo kama nembo ya duka lake.

Kwa kifupi, lipi litumike wapi?

Kwa Orwell, mamlaka inajua inachotaka na inadanganya kwa mpango. Kwa Kafka, huoni kama kuna mwenye mpango wowote. Ukiweza kumtaja mkubwa aliyetoa amri, acha Kafka.

Ni kweli "sadisti" na "masokisti" yanatokana na waandishi?

Ndiyo, na wengi wanaoyatumia hawajui, kwa sababu yameshakuwa nomino za kawaida na hayaandikwi tena kwa herufi kubwa.

Sadisti linatokana na Donatien de Sade (1740–1814), mtukufu wa Ufaransa aliyetumia miaka mingi ya maisha yake gerezani na kufia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton. Neno la Kifaransa liliingia kwenye kamusi mwaka 1834, miaka 20 baada ya kifo chake.

Masokisti lina kisa cha kusikitisha zaidi. Leopold von Sacher-Masoch (1836–1895), mzaliwa wa Lemberg, mji unaoitwa leo Lviv, aliandika riwaya ya Venus im Pelz mwaka 1870, ambamo mwanamume anaomba kufanywa mtumwa wa mwanamke anayempenda. Daktari wa magonjwa ya akili Richard von Krafft-Ebing akalichukua jina hilo kuutaja ugonjwa, mwenye jina akiwa bado hai, bado anaandika. Tena Masoch lilikuwa jina la upande wa mama yake: liliunganishwa na Sacher ili ukoo huo usipotee. Kweli haukupotea.

Kosa la matumizi: kumwita sadisti kila mkatili. Askari anayempiga mtuhumiwa ili akiri ana lengo, na ukatili ni njia yake. Sadisti hupata raha katika maumivu yenyewe. Kama raha haijathibitika, andika "mkatili". Na ukimwandikia mtu mwenye jina na anuani gazetini, kumbuka neno hili bado ni la kitabibu pia, na wakili wake analijua.

Machiavelli alisema kweli kwamba lengo huhalalisha njia?

Sentensi hiyo haimo katika Il Principe, kitabu chake juu ya utawala. Kilichomo, sura ya 18, ni kwamba matendo ya watu wote, na hasa ya mtawala asiye na mahakama ya kumshtaki, hutazamwa kwa matokeo. Ni uchunguzi wa jinsi watu wanavyohukumu, wala si ruhusa.

Niccolò Machiavelli (1469–1527) aliandika kitabu hicho mwaka 1513, kikachapishwa 1532, miaka 5 baada ya kufa kwake. Neno lenye jina lake lilienea Ulaya kwa vinywa vya maadui, hasa baada ya kitabu cha Innocent Gentillet cha kumpinga cha mwaka 1576, kiasi kwamba watu walimchukia bila kumsoma. Aliandika pia juu ya jamhuri, na mchezo wa kuigiza wa kuchekesha. Hayo neno halikuyabeba.

Tumia "Kimachiavelli" kwa ujanja wa madaraka uliopimwa kwa utulivu. Hasira si Kimachiavelli. Usaliti wa kijinga unaomrudia msaliti nao si Kimachiavelli, kwa sababu mwenyewe angeudharau.

Kwa nini neno la Dickens lina maana mbili zinazopingana?

Kwa sababu vitabu vyake vina pande zote mbili. Charles Dickens (1812–1870) alikuwa na miaka 12 pale baba yake alipofungwa katika gereza la Marshalsea kwa deni, na yeye akapelekwa kwenye kiwanda cha kiwi cha viatu kubandika lebo kwenye vikopo, kwa shilingi 6 kwa wiki. Kutoka hapo tuna shule za fimbo, watoto wenye njaa na moshi wa London. Lakini ni yeye pia mwenye Krismasi za bata mzinga, moto wa kuni na wajomba wakarimu. Ukikutana na neno hilo, "Dickensian", kwenye maandishi ya Kiingereza, tazama nomino iliyo jirani: ikiwa ni makazi, shule au kiwanda, ni ufukara, ikiwa ni Desemba, ni sherehe. Kwa Kiswahili taja moja kwa moja, "ufukara wa London ya karne ya 19", na fumbo limekwisha.

Jihadhari na mtego mmoja: msemo wa Kiingereza wa mshangao wenye neno "dickens" hautokani naye. Umo tayari katika mchezo wa Shakespeare, zaidi ya miaka 200 kabla ya yeye kuzaliwa.

"Shujaa wa Kibyron" je?

Mtu mwenye kiburi, jeraha na siri, anayeidharau jamii na bado jamii inamtazama. Ni kutoka kwa mshairi wa Uingereza Lord Byron (1788–1824). Kijana mwenye huzuni tu hatoshi. Kiburi lazima kiwepo.

Kuna vitenzi pia, au ni vivumishi tu?

Vipo, japo vichache. Kifaransa kina "marivauder", kuchombezana kwa maneno ya kisanii, kutoka kwa mwandishi wa tamthilia Marivaux (1688–1763). Kiingereza kina kitenzi kilichotokana na Bowdler, chenye maana ya kufyeka maandishi kwa kisingizio cha maadili. Thomas Bowdler, tabibu wa Kiingereza, alitoa mwaka 1818 tamthilia za Shakespeare katika juzuu 10 zilizosafishwa ili baba aweze kuzisoma mbele ya familia. Doa "lililolaaniwa" analolia nalo Lady Macbeth likawa doa "jekundu". Toleo la kwanza, la mwaka 1807, kwa kweli lilikuwa kazi ya dada yake, Henrietta. Kwa kuwa ni jina la ukoo, heshima hiyo, kama ni heshima, wanagawana.

Kila neno lenye harufu ya fasihi linatokana na jina la mwandishi?

La. Mengi yanatokana na wahusika: Don Quixote ni wa Cervantes, Gargantua ni wa Rabelais. Mengine yalibuniwa na waandishi bila kuhusu jina lolote. "Roboti" liliingia duniani kupitia tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, na shina lake ni neno la Kicheki la kazi ya shokoa. Kabla ya kuandika "linatokana na mwandishi fulani", tenganisha haya matatu: jina lake, jina la muhusika wake, na neno alilolibuni.

Niyaandikeje kwa Kiswahili?

Kiswahili kina njia iliyokwisha kunyooka. Ki- kwa namna au mtindo, pamoja na kihusishi kinachofuata ngeli: ofisi ya Kikafka, utawala wa Kikafka, jinamizi la Kikafka, mashaka ya Kikafka. U- kwa itikadi au hali: Umaksi. M-/Wa- kwa wafuasi: Mmaksi, Wamaksi. Herufi kubwa hubaki maadamu jina bado linaonekana.

Jina linaloanza na irabu halibadilishi Ki- kuwa ch-: tunasema Kiarabu na Kiislamu, basi Kiorwell ni sahihi kisarufi. Tatizo ni jicho. Msomaji husoma "kior-" na kusimama. Ndiyo sababu hapa tumeandika Ki-Orwell kwa kistari. Chagua moja na ubaki nayo hadi mwisho wa makala. Kwa wafuasi usijitese: "wafuasi wa Orwell".

Tahajia ya jina iache ilivyo, isipokuwa kwa yaliyokwisha kuswahilishwa kama Maksi.

Kosa linalorudi kila mara ni kuvisha viambishi viwili: "ya Kikafkaesque", "Kiorwellian". Kiambishi cha Kiingereza kimeshafanya kazi ya Ki-. Toa kimoja, na ni kile cha kigeni.

Kuna udhaifu wa kweli wa Ki- ambao lazima uukubali: haitofautishi mtindo wa mwandishi na ulimwengu aliouchora. "Insha ya Ki-Orwell" ni insha iliyoandikwa kwa lugha nyepesi na nyoofu kama zake, au ni insha ya propaganda? Hizo ni mbingu na ardhi. Ongeza neno: "mtindo wa Orwell" kwa la kwanza, "ulimwengu wa riwaya za Orwell" kwa la pili.

Nikitafsiri, niliweke jina au nilitoe?

Anza kwa kuandika sentensi bila jina kabisa. Mwandishi anasema "Orwellian" juu ya taarifa ya jeshi: anamaanisha nini hapo? Kwamba imeita vita amani. Andika hivyo: "taarifa inayoita vita amani". Sasa soma tena. Ikiwa sentensi imekamilika, jina lilikuwa pambo, na unaweza kuliacha nje. Ikiwa hoja ya aya nzima inamtegemea Orwell, lirudishe likiwa na kiegemeo: "taarifa inayoita vita amani, kama katika riwaya za George Orwell". Katika aya zinazofuata "Ki-Orwell" peke yake itasimama.

Ukishindwa kuandika sentensi bila jina, mara nyingi mwandishi wa awali naye hakujua alichomaanisha. Hapo tafsiri kwa neno pana: "ya kutisha", "ya kidikteta". Orwell mwenyewe, katika insha yake ya 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni ya kwanza kwamba usitumie tamathali uliyozoea kuiona imechapishwa. Jina lake leo linavunja kanuni hiyo kila asubuhi magazetini.

Mbona hatuna maneno kama haya kutoka kwa washairi wetu?

Sababu moja ni ya majina. Muyaka bin Haji wa Mombasa ni Muyaka. Haji ni baba yake. Shaaban Robert (1909–1962) ni Shaaban, mwana wa Robert. Jina la ukoo linalorithiwa vizazi na vizazi halikuwa desturi ya kila mtu pwani, na bila hilo mtambo wa maneno haya unakosa malighafi. "Kirobert" itamtaja baba.

Sababu nyingine ni kwamba Kiswahili hukimbilia jina la kazi au la mahali ndani ya kazi. "Nchi ya Kusadikika", kutoka kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, inabeba mzigo ambao Kiingereza kingempa mwandishi: nchi iliyo angani, ambako Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wajifunze sheria. Ukitafuta neno la Kiswahili la kuweka mahali pa Orwell kwenye makala ya siasa, jaribu hili kwanza.

Soneti ya Kishakespeare ina nini cha pekee?

Hapa jina ni istilahi, halina utata. Mishororo 14: beti tatu za mishororo minne na mishororo miwili ya kufungia, kwa vina abab cdcd efef gg. Ile ya Kipetrarka, kutoka kwa Francesco Petrarca (1304–1374), ina mishororo 8 kisha 6, na hoja hugeuka baada ya wa 8. Usimwite Shakespeare mvumbuzi: Henry Howard, Earl wa Surrey, aliyekufa 1547, alishaitumia bahari hiyo. Shakespeare alizaliwa 1564.

Naweza kubuni langu?

Unaweza, sarufi inaruhusu. Masharti ni ya kazi: mwandishi awe na sifa moja ambayo wasomaji wako wanaitambua bila kuambiwa, jina lake livumilie Ki- bila kugeuka neno jingine, na uwe na angalau mahali pawili pa kulitumia katika makala hiyo hiyo. Kama utalitumia mara moja tu, "kama anavyoandika fulani" ni fupi zaidi kuliko maelezo utakayolazimika kuyaweka.